Kaimati zenye Mikia

Mama amekaa kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko,
mkono wa kulia ameulaza pajani
kama mtoto wa jirani aliyeachiwa amshikie mara moja.
Tangu Mfungo Sita mkono huo haushiki kitu.
Mdomo ulipinda wiki mbili,
ukanyooka, ukarudi kazini.

"Kondo, weka unga."
Vikombe vingapi?
"Nani kakwambia vikombe? Weka mpaka utoshe."

Mimi fundi seremala, hapa hapa Keko.
Natembea na futi kamba mfukoni;
kwangu kitu kina sentimita, au hakipo.
Nitajuaje unga umetosha
mimi niliyezoea kuuona umeshakuwa kaimati?

Nikaweka. Akanyamaza. Nikaongeza.
"Hapo."

Hamira, sukari ya kuiamsha,
tui la vuguvugu, la kumwogeshea mtoto mchanga.
Nikashika mwiko.
"Uji huo? Piga kwa mkono. Unga usikie umepigwa."
Nikapiga mpaka bega likaniuma
kuliko siku ya kuranda mninga.
Tukafunika. Tukangoja.
Umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne,
mashine za mtaa mzima zimenyamaza,
na katika kimya kile nikausikia unga:
tup,
kisha tup,
kama mtu anayeota jambo na hataki kulisema.

Gesi imekwisha, kwa hiyo mkaa.
Karai lile lile, mpini mmoja uling'oka zamani.
"Tone likizama likaibuka bila kufikiri, mafuta tayari."

Basi nikachota, nikafumba ngumi,
unga ukachungulia kati ya gumba na shahada
na ukakataa kukatika.
Ya kwanza ikaanguka na mkia.
Ya pili, mkia na kichwa cha ziada.
Ya tatu sijui niiteje.
Nikawaza: zingekuwa mbao ningezipiga msasa.

Mama akainama, akachungulia karai.
"Kondo mwanangu.
Hizi kaimati au viluwiluwi?"

Akacheka.
Kicheko kilitoka upande mmoja wa uso,
upande wa pili ukachelewa, ukafuata.
Sikuwa nimekisikia tangu Temeke, wodini,
na hata kule alimcheka daktari.

Akanyanyuka, akaegemea ukuta,
akaifumbata ngumi yangu kwa mkono wa kushoto.
"Hukamui ng'ombe. Binya, kata. Binya, kata."
Lakini na wenyewe ulikuwa haujui.
Miaka yote mkono ule kazi yake kushika bakuli,
kuinamisha kidogo unga unapopungua,
na kutazama mwenzake anavyosifiwa.
Tukawa wanafunzi wawili jikoni,
unga hadi kwenye viwiko,
na mwalimu ananing'inia ubavuni mwa mama, kimya,
anajua kila kitu.

Binya.
Mapema mno.
Binya.
Mkia.
Binya, na sijui nani alikata, mimi au yeye,
ikaanguka duara,
ikazama, ikaibuka, ikajigeuza yenyewe
kuonyesha upande wa pili.

Hatukusema kitu. Ungeweza kuiharibu kwa kuisifu.

Shira nilichemsha peke yangu, iliki nikaponda kwa chupa ya soda,
mama akapima kwa vidole viwili vya kushoto,
akavitanua, uzi ukavutika, ukakatika.
"Bado."
Akapima tena, nadhani kwa kuulamba tu.

Jioni ilipoingia akanichagulia.
Hizi sahani ya mama Havijawa, hizi za wale wapangaji wapya,
hizi mpelekee fundi mwenzio, umemkopa gundi.
Zote duara. Zote zinang'aa.
Na hizi nyingine, mama?

Akalivuta bakuli la viluwiluwi, akalibana kwa goti,
kwa kuwa wa kushika hayupo na wa kula ni mmoja.
"Hizo zibaki humu ndani," akasema,
akakamata moja kwa mkia.
"Zina pa kushikia."